Kiatu cha Mguu wa Kushoto

Kwenye veranda ya duka letu la viatu, hapa mjini Kisii, kuna matundu manne sakafuni. Mvua ya alasiri ikinyesha, na kwetu mvua ya alasiri haina likizo, yanajaa maji na wateja wanayaruka. Fundi mmoja wa ujenzi alinicheka usoni: mwanamke mwenye duka zima anashindwa na mfuko mmoja wa saruji! Nilimwambia ashughulike na ngazi yake. Matundu hayo ni ya bolti, na bolti ziliingia hapo Jumamosi moja ya Septemba 1998, kwa sababu ya barua niliyoiandika mimi, Neha binti Bhupendra, nikiwa na miaka kumi na saba na kichwa kigumu kuliko hiyo saruji.

Lakini nianze na mteremko, maana bila mteremko hakuna habari.

Krismasi ya 1995 binamu yangu Jigar alikuja kututembelea kutoka Leicester, Uingereza. Alikuja na ubao mfupi wenye magurudumu manne, na kwa wiki tatu akawa anashuka nao mteremko wa Kiogoro, huku kina mama wenye mikungu ya ndizi wakimpisha na kumporomoshea maneno ya Ekegusii. Yeye alidhani wanamsalimu, akawa anawapungia mkono. Alipoondoka aliniachia ubao ule, na kufikia Pasaka vijana wa mjini walikuwa wamekwisha kuuiga. Walichonga mbao za mkaratusi, wakapachika beringi kuukuu walizookota kwenye gereji badala ya magurudumu. Ukisikia Jumapili asubuhi mlio wa mabati yanayoburutwa barabarani, ujue ni sisi tunashuka.

Sisi, yaani mimi na vijana kumi na kitu. Kiongozi wetu alikuwa Haron, mtoto wa mwalimu, mrefu, mwenye maneno mengi. Tulishuka Jumapili kwa sababu wengi wao walikuwa Waadventista, na Jumamosi hakuna aliyethubutu kugusa ubao hata kwa kidole. Mama yangu, Urmila, alitamani ningekuwa Mwadventista siku zote saba. "Nani atakuoa na magoti hayo?" aliniuliza kila nilipoingia nikichechemea. Magoti yangu yalikuwa na makovu kweli, na niliolewa vilevile, lakini hayo si ya leo.

Ubao wa beringi hauna breki. Ukitaka kusimama, unaburuta ncha ya kiatu kwenye lami mpaka uamue kusimama wewe au kiatu kiamue kufa. Kila mtu ana mguu wake wa kuburutia. Vijana wote walikuwa wa kulia. Mimi peke yangu nilikuwa wa kushoto, kwa sababu goti la kulia niliwahi kulivunja nilipoanguka kutoka kwenye mpera nikiwa mdogo, na sikuliamini tena kwa kazi ya kuburuta. Basi kwa mwezi mmoja kiatu cha mguu wa breki kimetoboka, vidole vinachungulia nje, na mwenzake bado ni kipya kabisa.

Sasa sikilizeni mambo ya dukani. Baba yangu, Papa, kama wauza viatu wote, aliweka kwenye rafu ya mbele viatu vya kushoto tu. Mwizi akibeba kiatu kimoja hafiki nacho popote. Shida ni kwamba duka letu linatazama mawio, na jua la asubuhi lilivipiga viatu vile mpaka vyeusi vikawa rangi ya chai ya maziwa. Mteja akiletewa cha kulia kutoka kwenye boksi, anakuta kimoja cheusi, kimoja kimepauka, anaondoka. Nyuma ya duka tulikuwa na magunia ya viatu hivyo visivyofanana. Papa aliviita wajane.

Aliyewapatia wajane kazi ni Mogire. Huyu alikuwa fundi wa viatu aliyekaa kwenye veranda yetu tangu kabla sijazaliwa, na kigoda chake, sindano yake, na sanduku la mbao lililojaa misumari na vipande vya tairi. Papa na yeye waliongea Ekegusii kutwa nzima, Papa ndani, Mogire nje, bila kuonana nyuso, wakibishana kuhusu bei ya chai na ugonjwa wa migomba. Siku moja Mogire aliwatazama vijana wakitembea na vidole nje, akamwita Papa.

"Bhupendra, hawa vijana kiatu yao inakufa mguu moja tu," alisema, kwa Kiswahili, kama kawaida yake akizungumza biashara. "Wewe uko na magunia ya mguu moja. Wauzie mguu moja. Mimi naweka tairi hapa mbele, haitakufa tena haraka."

Papa alicheka siku nzima. Siku ya pili akakubali. Ndivyo duka letu lilivyokuwa duka pekee Kisii, na mimi husema Kenya nzima, na hakuna aliyewahi kunipinga, ambapo mtu aliingia na kununua kiatu kimoja. Mogire alikishonea kipande cha tairi kwenye ncha, akakizungushia uzi wa nailoni mara mbili, na kiatu hicho kilishuka mteremko miezi mitano.

Na hakuuliza mtu ni mguu gani. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Fundi mwingine ungemwonyesha hapa na pale. Mogire alikuona tu unavuka barabara na ubao kwapani, akanyoosha mkono, akachukua kiatu cha mguu unaostahili, akaanza kushona. Mimi aliniita Kushoto. "Habari ya asubuhi, Kushoto?" Vijana wakalidaka, na mpaka leo kuna mbunge mmoja, simtaji, akinikuta mjini ananiita Kushoto mbele ya walinzi wake.

Ila nilikuwa na uchungu wangu. Viatu vipya vilivyobaki kwenye maboksi vilikuwa vya kulia. Vya kushoto, nilivyohitaji mimi, ni vile vilivyopauka rafuni. Kwa hiyo binti wa mwenye duka la viatu alitembea mjini na kiatu kimoja cheusi na kingine rangi ya chai. Shuleni walinicheka. Msinione mjinga; ukiwa na miaka kumi na saba, viatu vinavyofanana ni jambo kubwa kuliko mtihani.

Jigar alinitumia barua na majarida kutoka Uingereza. Kule, aliandika, viatu vya vijana wa ubao vilikuwa vikitengenezwa na kampuni ndogondogo za watu walioanguka wenyewe, waliojua mshono unakatikia wapi. Sasa kampuni kubwa, za viatu vya kuchezea mpira na vya riadha, zimeona kuna faida huko nazo zinaingia kwa kishindo. "Juzi tu walikuwa wanatuona wahuni," aliandika. "Leo wanataka kutuvisha. Usinunue kwao, Neha. Hawajawahi kuanguka hata mara moja." Yeye na rafiki zake watatu walikuwa na kikampuni chao kwenye gereji ya mjomba, na walikuwa wanatetemeka.

Mimi nilisoma barua mara moja na kutazama picha mara mia. Viatu vinene, vyenye ulimi uliofura, vya kushoto na vya kulia, rangi moja! Nikachukua karatasi, nikaiandikia ofisi ya Nairobi ya mojawapo ya kampuni hizo, jina lake sitalitaja. Nikadanganya kidogo. Niliandika kwamba Kisii kuna waendesha ubao mia tatu.

Walikuja. Kwa kweli alikuja mtu mmoja, Bwana Ombui, mtoto wa Sironga kule Nyamira aliyesoma akapata kazi Nairobi. Jumapili alisimama juu ya mteremko na kamera, akatupiga picha kumi na wanne, akauliza wale wengine wako wapi. Haron hakukosa jibu. "Maze, wengine wako shags," alisema, yaani wamekwenda mashambani. "Na hizo njumu zenu ni noma. Mtaleta lini?"

Jumatatu Bwana Ombui alikuja dukani. Alimpa Mogire viatu vyake avipige rangi, akaingia ndani na soksi tupu, akanywa chai ya Mama na kumweleza Papa mambo. Kampuni italeta viatu, italeta bango la kuwaka, itapaka duka rangi upya. Kampuni inataka sehemu ya mbele iwe safi, na kabati la kioo likae pale kwenye veranda watu walione kutoka barabarani. Na viatu viuzwe jozi, ndani ya maboksi yaliyofungwa. Biashara ya kiatu kimoja iishe.

"Pale kwenye veranda kuna mtu," Papa alisema.

Bwana Ombui alitazama nje, ambapo Mogire alikuwa anampulizia viatu vyake na kuving'arisha kwa kitambaa. "Mafundi wangu watakuja Jumamosi," alisema taratibu. "Jumamosi hapo hakuna mtu."

Alijua. Mtoto wa Sironga, aliyelelewa kwenye Sabato, alijua vizuri Jumamosi Mogire yuko kanisani. Nilimchukia kwa neno lile, na bado namchukia, lakini sikufungua mdomo, kwa sababu juu ya meza yetu alikuwa ameweka jozi moja ya zawadi, saizi yangu.

Msimhukumu Papa haraka. Mitumba ilikuwa imejaa soko la Daraja Mbili, viatu vya kutoka Ulaya vimemwagwa juu ya turubai, na duka letu lilikuwa linakaa saa nzima bila mtu. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kufunga maduka na kuhamia Nairobi. Papa alitaka kufia Kisii, na aliona kabati lile la kioo ndilo litakalomweka hapa. Alisema atamwambia Mogire mwenyewe, taratibu, kama wazee wawili. Atamwambia Jumanne. Jumanne wakaongea habari za migomba. Jumatano ilikuwa mvua. Alhamisi Papa alitoka mara tatu mpaka mlangoni, akarudi.

Ijumaa, kabla jua halijazama, Mogire alifanya kama Ijumaa zote. Alifagia sehemu yake, akapanga sindano na nyundo kwenye sanduku, akakunja kitambaa, akaleta sanduku ndani na kuliweka chini ya ngazi, ili Sabato isimkute na kazi mkononi. Papa alikuwa chooni, au alisema yuko chooni. Nilikuwa mimi peke yangu kwenye kaunta.

"Sabato njema, Kushoto," Mogire alisema.

"Sabato njema, fundi," nikasema.

Aliondoka. Nilimwona akivuka barabara polepole, akimsubirisha mwenye mkokoteni. Nilikuwa na muda wa kumkimbilia. Nilikaa nikapanga soksi.

Jumamosi mafundi wa Bwana Ombui walitoboa matundu manne, wakafunga kabati kwa bolti, wakapaka ukuta rangi. Jioni duka letu lilipendeza, siwezi kusema uongo. Jumapili asubuhi Papa akaamka na maumivu ya kichwa, akanituma mimi nikafungue. Nilikwenda nimevaa viatu vyangu vipya.

Mogire alifika saa mbili. Alisimama mbele ya kabati la kioo, akaona sura yake humo. Akagusa bolti moja kwa ncha ya kiatu, kujua imeshika. Hakuuliza nani wala kwa nini.

"Sanduku yangu iko?"

Nililileta. Lilikuwa zito, nikaliburuta. Akalipokea na kulibeba begani, kisha akatazama chini miguuni pangu, akatazama muda mrefu.

"Leo zimefanana," alisema.

Akaenda zake. Haron na wenzake, waliokuwa wamekuja kushonesha viatu kabla ya kushuka, walimpokea sanduku wakamsindikiza mpaka stendi ya magari ya Nyamira, mbao zao kwapani. Mimi sikwenda. Nilijiambia nani atakaa dukani.

Viatu vya kampuni vilikuwa vizuri vya kutazama. Haron alimsumbua baba yake mpaka akanunuliwa jozi, na kwa wiki mbili alikuwa mfalme. Wiki ya tano kidole gumba cha kulia kilitoka nje. Viatu vile vilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye magurudumu laini na viwanja vya saruji, si kwa mtu anayesimamisha beringi kwenye lami iliyochubuliwa na mvua za El Nino. Alikuja dukani.

"Neha, niuzie mguu moja," alisema.

"Siku hizi ni jozi, Haron."

"Jozi ya nini? Huyu mwingine ako sawa!" Akauinua mguu wa kushoto juu ya kaunta, niuone mwenyewe. Ulikuwa mzima kabisa. Nilimwambia tena ni jozi, sauti yangu ikiwa ndogo, naye akatoka na mguu wake mmoja mpya na mmoja uliokufa.

Hivyo ndivyo tulivyokwisha. Hakuna aliyetangaza. Mmoja alikosa kiatu, mwingine akakosa, Jumapili tukawa sita, kisha watatu. Mbao zikawa ngazi za mabanda ya kuku. Siku niliyoshuka mwisho nilikuwa peke yangu, na nilipofika chini hapakuwa na mtu wa kunicheka wala kunipongeza. Nalikumbuka sana lile kundi. Naikumbuka ile kelele mbaya ya beringi, hata leo lori likiburuta kitu barabarani huwa natoka nje kutazama.

Novemba 1999 Bwana Ombui alirudi kuchukua bango. Kampuni imeona soko la vijana wa ubao halikui ilivyotarajia, alisema, inarudi kwenye mpira. Juma lilelile ikafika barua ya Jigar: kikampuni chao cha gerejini kimekufa. Kampuni kubwa ziliingia, zikashusha bei, zikawamaliza wadogo, na baadhi yake zilikuwa tayari zinatoka. Mwisho wa barua aliuliza, "Yule fundi wako wa tairi bado yupo? Mwambie yeye ndiye angetushinda sote." Nilimsomea Papa. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akaniambia nichukue pikapu niende Ekerenyo, kwa sababu huko ndiko alikosikia Mogire yuko. "Mwambie veranda iko wazi," alisema. "Mwambie nimelia." Hakuwa amelia bado, lakini alilia nilipokuwa nawasha gari.

Kabati tulikuwa tumeling'oa asubuhi hiyo. Ndani yake ilibaki jozi moja ya saizi yangu. Kampuni nayo ilionyesha cha kushoto na kuacha cha kulia ndani ya boksi, na jua letu halikuheshimu kampuni: cha kulia cheusi, cha kushoto rangi ya chai. Niliibeba ili nisifike mikono mitupu, na nilitaka, sitaficha, aione acheke.

Nilimkuta kwenye veranda ya duka la dawa za mifugo, nyuma yake magunia ya chakula cha ng'ombe. Nywele zilikuwa nyeupe zaidi. Kigoda kilikuwa kilekile.

"Bwakire, fundi," nikamsalimu kwa Ekegusii.

"Bwakire buya. Karibu, madam." Akasogeza benchi nikae.

Nilimwambia yote. Kwamba kampuni imeondoka, kwamba bolti zimetoka, kwamba Papa analia. Nikamwambia na la barua, kwamba aliyewaita ni mimi. Nilikuwa nimelificha mwaka mzima na miezi mitatu. Aliendelea kushona kiatu cha shule cha mtoto wa mtu, akivuta uzi na kuukata kwa meno.

"Hiyo barua si kitu," alisema mwishowe. "Mtoto anataka kiatu, anaandika. Na duka ni ya Bhupendra, anaweza kuweka kioo, anaweza kuweka ng'ombe. Mimi ningehama." Aliweka kiatu chini. "Lakini mngeniambia Ijumaa. Ningebeba sanduku yangu mwenyewe Ijumaa, na Jumamosi ningewaombea mpate wateja. Mlingoja niende kanisa. Niliwaombea hiyo Jumamosi, na nyinyi mnatoboa."

Nililia mbele ya watu wa Ekerenyo waliokuja kununua dawa ya kupe, na sikuona haya.

"Rudi, fundi," nikasema.

"Hapa naona sawa. Mwambie Bhupendra namsalimu. Mwambie migomba yangu imepona." Alisema hayo bila hasira, na hapo nikajua hatarudi. Kisha akaona mfuko kwenye mapaja yangu. "Umeleta kazi?"

Nilimpa jozi ile. Akaigeuza, kiatu cheusi mkono mmoja, kilichopauka mkono mwingine, nikangoja acheke. Akachagua kipande cha tairi kutoka kwenye sanduku, akakata ncha kwa kisu, akatia uzi kwenye sindano. Kila kitu kikawa tayari. Akanitazama, kwa adabu kabisa, kama anavyotazamwa mteja yeyote aliyeingia kutoka barabarani.

"Nishone mguu gani, madam?"



"Kushoto," nikamwambia.